Kaka yuko jela, hataki kutuona na vitu vyake anavigawa

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe manake nyumbani hawajui kama nakuandikia, wakijua itakuwa kesi nyingine. Nina kaka yangu, ndo mkubwa kwetu, yuko jela mwaka wa pili sasa kwenye kifungo cha miaka mitano. Kosa sitalisema hapa, alihukumiwa na anatumikia, hilo tumeshalimeza. Kinachoninyima usingizi ni jinsi alivyobadilika, yaani huyu mtu simtambui.

Kaka alikuwa mtu wa maneno, akikaa na watu lazima wacheke. Mwanzoni tukienda kumuona analia kidogo alafu anajikaza, anauliza mtoto wake anaendeleaje, mama presha vipi, timu yake imeshinda au imefungwa. Ikaenda hivo miezi kadhaa. Baadae akaanza kuwa kimya. Anakuja pale kwenye wavu anakaa, anaangalia mikono yake, anabandua ngozi ya pembeni ya kucha mpaka inatoa damu na wala hashtuki. Chochote utakachomuuliza jibu ni "sawa". Nikamwambia mwanao kashika namba moja darasani, "sawa". Siku moja mama akashindwa kujizuia akalia, kaka akasimama akamfokea mbele za watu, "nani kawaita hapa, msije tena", akaondoka hata muda haujaisha. Toka siku hiyo tukienda tunaambiwa amekataa kutoka.

Sasa kuna kijana alikuwa naye selo moja, ametoka juzijuzi akapita nyumbani kutusalimia. Anasema kaka halali, usiku anakaa tu kaegemea ukuta, mchana ndo anajifunika shuka hata muda wa kutoka nje hatoki. Kuoga mpaka wenzake wamsukume. Chakula anawapa wengine. Kuna siku nyapara kamwambia aamke wahesabiwe hakuamka, wakagombana, akaadhibiwa. Alafu yule kijana akasema kitu ambacho yeye alikisema kama sifa, kwamba kaka ana roho nzuri sana, yeye kamuachia ndala, mwingine kampa sweta, na picha ya mtoto wake aliyokuwa ameibandika ukutani kaitoa akamwambia ukitoka hii ipeleke nyumbani. Hiyo picha akatukabidhi. Ninayo kwenye pochi.

Mama anasema ni aibu tu inamsumbua, tumuache hasira zitaisha. Mjomba ndo kabisa, anasema anajifanyisha ili ahamishwe au apunguziwe kazi, na kwamba kifungo mwanaume anakipiga kiume.

Kingine ambacho hatujawahi kukisema popote, baba alipofariki miaka ya nyuma kaka aliugua, akawa halali, kazini haendi, akapelekwa hospitali wakampa dawa, akatumia kwa muda akapata nafuu akaziacha mwenyewe. Familia tukakubaliana lisiongelewe. Na pombe alikuwa anakunywa, tena sana. Yule kijana anasema siku wanapokelewa gerezani waliulizwa wakiwa kwenye foleni "nani mgonjwa hapa?" watu wote wanasikia, kaka akanyamaza.

Naomba unisaidie Shangazi. Huu ni ugonjwa au ndo jela inavyobadilisha watu? Tukiwaambia wakubwa wa gereza si ndo watamfungia peke yake au wampige? Na tuendelee kwenda wakati mwenyewe hatutaki?

Mimi mdogo wake.

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na kisichosubiri, hayo mengine yatakuja. Mtu halali, chakula anagawa, kasema msije tena, kagawa ndala, kagawa sweta, na picha ya mwanae kairudisha nyumbani. Kimoja kimoja kila kitu unaweza kukitafutia sababu, lakini ukivipanga pamoja ni dalili za mtu anayefikiria kufa. Sisemi ndo lazima anachokiwaza, niko mbali siwezi kukuhakikishia, ila kwenye jambo kama hili mtu hasubiri uhakika. Kwahiyo usingoje siku ya kutembelea wafungwa. Ukimaliza kusoma hapa piga simu gerezani au nenda getini, omba kuongea na mganga wa gereza, asipokuwepo mkuu wa gereza, asipokuwepo afisa wa zamu, alafu sema kwa maneno haya haya bila kuzunguka: "Nina hofu ndugu yangu anaweza kujiua."

Usiseme "hayuko sawa". Usiseme "ana mawazo". Askari anakaa na mamia ya watu wenye mawazo, hiyo haimshtui hata kidogo. Sema neno lenyewe, alafu mtajie ulichokiona na ulichoambiwa, picha, sweta, kulala, kula. Omba aonwe siku hiyo hiyo na mtu wa afya na asiachwe peke yake. Kabla hujaondoka au hujakata simu muulize aliyekupokea jina lake na cheo chake, andika na saa. Sio kwa ugomvi, ni kwamba mtu akishaandikwa jina huwa anakumbuka kufikisha ujumbe.

Na yeye mwenyewe ukifanikiwa kumuona muulize, "Kaka, unawaza kujiua?" Najua mdomo unakuwa mzito, na watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza ndo unamtia wazo. Humtii. Kama hana hilo wazo atakwambia hana, na kama analo mara nyingi mtu anapumua kwamba hatimae kuna aliyethubutu kuuliza. Akikubali usimhubirie, msikilize, mwambie hutalificha na unaenda kumtafutia msaada, alafu usiondoke pale gerezani bila kumwambia afisa.

Haya, sasa swali lako la kwanza, ugonjwa au jela. Kila anayeingia jela anahuzunika, hilo halihitaji daktari. Umenyang'anywa nyumba, kazi, jina lako limechafuka, mlango unafungwa na mtu mwingine. Wiki za mwanzo watu wengi wanalia, hawalali, alafu taratibu wanapata ratiba, wanapata wa kuongea nae, wanaanza tena kuulizia mpira kama kaka yako alivyokuwa anauliza. Yeye safari yake ilienda kinyume, alianza vizuri kwa kiasi chake alafu akazama. Mtu anapokaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku na karibu siku nzima, hana raha na kitu chochote hata kile alichokuwa anakipenda, usingizi umevurugika, hali, haogi, hapo tunaongelea sonona, na sonona ni ugonjwa una matibabu. Ile "sawa" ya kujibu habari ya mtoto kushika namba moja ndo imenionyesha zaidi kuliko hata kule kufoka.

Ila na kufoka nako usikuache. Wanaume wengi wakiwa na sonona hailii, inafoka. Na jela inazidisha, kwasababu selo yenye watu wengi ukionekana unalia umeshajipunguzia heshima, kuna atakayekutania na kuna atakayekuonea, kwahiyo mtu anajifunza kwamba hasira ndo kitu pekee anachoruhusiwa kuonyesha. Matokeo yake mgonjwa anaonekana mkorofi. Askari anaona mfungwa aliyekataa kuamka kuhesabiwa, anaandika utovu wa nidhamu, anapewa adhabu, adhabu inamzidishia ugonjwa, kesho ndo anashindwa kabisa kuamka, anaandikwa tena.

Na asikwambie mtu kwamba kaka yako ni wa ajabu. Mwaka 2012 watafiti walikusanya pamoja tafiti zilizopima wafungwa zaidi ya 33,000 kwenye nchi 24, wakakuta karibu mwanaume 1 kati ya 10 ana sonona kali, kwa wanawake ni kama 1 kati ya 7. Hiyo ni sonona tu. Karibu 4 kwa kila 100 wana ugonjwa wa akili ule mzito wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kuamini mambo ambayo hayapo, kwamba wenzake wanamtilia sumu, kwamba ukuta unamsikiliza. Ongeza wasiwasi, ongeza waliokuja na makovu ya kupigwa na kudhalilishwa toka utotoni ambao mlango ukigongwa tu kwa nguvu wanaruka, ongeza walioumia kichwa wakawa wepesi kukasirika na wagumu kukumbuka, ongeza wa pombe na unga. Na mara nyingi mtu mmoja anakuwa na mawili matatu kwa pamoja. Wengine waliingia nayo, wengine imewapata humo humo, na kaka yako naona ni vyote, kidonda cha zamani alikuja nacho jela ikakifungua.

Hapo kwenye pombe wewe limeshakupita lakini nasema kwa ajili ya anayesoma hapa ambaye ndugu yake kakamatwa jana. Mtu aliyekuwa anakunywa sana kila siku akikatishwa ghafla ndani ya siku ya kwanza anaanza kutetemeka na kutoka jasho, ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa, siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa akaona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Watu mahabusu wanamuangalia wanasema anajitia wazimu. Waambieni polisi na waambieni gereza mapema kwamba huyu ni mnywaji, msione aibu, aibu mtaionea baadae akiwa hai.

Swali lako la pili, kwamba mkisema watamfungia peke yake. Hofu yako ina msingi sana. Kumfungia mtu anayewaza kujiua kwenye chumba cha peke yake ni njia mbaya ya kumlinda, tafiti za magerezani zinaonyesha wanaokaa selo ya peke yao wanajiua zaidi ya wanaokaa na wenzao, na uharibifu wa upweke wa gerezani kwa akili ya mtu umejulikana zamani mno. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1890 ilishaandika kwamba wafungwa waliowekwa kwenye upweke wengi walipumbaa, wengine wakawa vichaa, wengine wakajiua. Mwaka 1890 huo. Ndo maana nimekwambia kwenye ombi lako uweke wazi "asiachwe peke yake". Unachotaka ni aangaliwe mara kwa mara, akae karibu na watu, ikiwezekana na mwenzake anayemuamini, na vitu vya hatari viondolewe karibu yake.

Una kitu cha kushika mkononi pia. Zipo kanuni za Umoja wa Mataifa za namna ya kuwatendea wafungwa, zilipitishwa upya na Baraza Kuu Desemba 2015 na zinaitwa Kanuni za Mandela, kwa heshima ya mzee aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile cha watu walioko nje na bila malipo. Ya 30 inataka kila anayepokelewa aonwe na mtu wa afya mapema iwezekanavyo, na waangalie kabisa dalili za kutaka kujiua na za kukatishwa pombe au dawa. Ya 31 inataka uchunguzi ufanyike kwa siri. Sasa linganisha na ile foleni ya "nani mgonjwa hapa?" Nani atanyoosha mkono? Ungekuwa wewe ungenyoosha? Ya 39 inasema kabla ya kumuadhibu mfungwa waangalie kama ugonjwa wa akili umechangia alichofanya, na kama ndo uliosababisha moja kwa moja asiadhibiwe. Ya 40 hata haitaki mfungwa mwenzao apewe madaraka ya nidhamu, huyo nyapara nae sijui madaraka kapewa na nani. Ya 44 inaeleza kwamba kumfungia mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku bila kuongea na watu ndo kifungo cha upweke, kikizidi siku 15 mfululizo ni cha muda mrefu na hicho kimekatazwa, na ya 45 inasema mwenye ulemavu wa akili ambaye upweke utamzidishia hali asiwekewe kabisa.

Sikudanganyi kwamba ukizitaja mlango utafunguka. Hizi ni kanuni, sio sheria ya kumpeleka mtu mahakamani moja kwa moja, na kuna magereza yanazifuata na kuna yanayoziweka kwenye kabati. Lakini afisa akiongea na ndugu anayejua namba ya kanuni anaongea nae tofauti, hilo nakuhakikishia. Zitaje kwa upole, kama mtu anayeomba msaada sio anayetishia. Ukiona hawakusikilizi, wakili wake, afisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini anayeingia mle ndani, au tume ya haki za binadamu kama ipo kwenu, wote hao wana mlango ambao wewe huna.

Kuhusu kupigwa, sitajifanya haitokei. Kinachosaidia ni kujulikana. Mfungwa ambaye ndugu zake wanakuja, wanaandika, wanauliza majina, anaguswa kwa tahadhari zaidi kuliko yule ambaye hana wa kumuulizia. Kukaa kimya hakumlindi.

Sasa tuje kwenye siri yenu ya familia. Nakuelewa, mliogopa maneno ya watu, kaka asiitwe chizi, labda na mambo ya kazi na ndoa. Ila hiyo siri ndo taarifa ya thamani kuliko zote mlizonazo. Mganga anapoambiwa huyu aliwahi kuugua hivi hivi, akatibiwa, dawa fulani ilimsaidia, akaiacha mwenyewe, hapo haanzi kubahatisha. Tafuteni cheti cha hospitali, kopo la dawa, daftari la kliniki, hata kama ni la zamani. Mkikosa kabisa andikeni hospitali ipi na mwaka gani. Wekeni na pombe alikuwa anakunywa kiasi gani, kama aliwahi kuumia kichwa, kama kuna siku alishawahi kujaribu kujiua, kama kwenye ukoo kuna aliyejiua au aliyeugua hivyo.

Watakachokujibu pengine ni kwamba "hatuwezi kukupa taarifa za mgonjwa bila ridhaa yake". Usikasirike, ndo utaratibu, na ni mzuri, usingependa na wewe taarifa zako zisambazwe. Watu wengi wanaishia hapo wanarudi nyumbani. Mwambie tu, "Sawa, usiniambie kitu, mi ndo nakuambia wewe." Hakuna anayekatazwa kusikiliza.

Akikubali matibabu msitegemee wiki ijayo kaka wa vichekesho amerudi. Dawa za sonona huwa zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonyesha kitu, mara nyingine zaidi, na mwanzoni unaweza kuona madhara madogo madogo kabla ya faida, kichefuchefu, kichwa, usingizi kuvurugika. Siku za mwanzo hizo ndo za kumuangalia kwa karibu zaidi. Akipata nafuu asiziache ghafla kama alivyofanya mwanzo, aamue na daktari. Na jela dawa zina balaa lake, kuna wanaozinyang'anya, kuna wanaozinunua, kwahiyo ulizia kama wanampa moja moja mbele ya mtu wa afya au wanampa kopo zima akae nalo. Kwa mtu kama kaka yako kopo zima sio wazo zuri hata kidogo. Na nakuomba sana, wewe au mama msije mkaingiza vidonge kwa kuvificha kwenye chakula ili kumsaidia. Vikikamatwa yeye ndo anaongezewa kesi, na visipokamatwa hamjui vitagongana na nini.

Dawa pekee pia sio kila kitu. Kama kuna mnasihi, kama kuna kikundi cha wafungwa wanaoongea, darasa, karakana, bustani, kwaya, chochote kinachomtoa chini ya lile shuka mchana, omba aingizwe taratibu. Mtu anayelala mchana hawezi kulala usiku, na usiku wa gerezani kwa mtu mwenye mawazo ni mrefu.

Mjomba sasa. Mjomba mwambie kwamba ndio, wapo wanaojifanyisha, magereza yanajua hilo kuliko yeye. Lakini anayejifanyisha kawaida anataka aonekane. Kaka yako anajificha, kagoma kuja kwenye wavu, kagoma kula pasipo kumwambia mtu, na mmesikia kwa bahati tu kwasababu mwenzake katoka. Ahamishwe apate faida gani mtu anayegawa mpaka ndala? Na hata kama mjomba ana wasiwasi wake, kazi ya kupima nani anaumwa na nani anaigiza ni ya mganga. Akipimwa akakutwa mzima hakuna aliyepoteza. Yale ya kifungo kupigwa kiume ayaweke mpaka siku nyingine, na asiende kumwambia kaka, kabisa, maana mtu mgonjwa akiambiwa ajikaze anasikia kwamba hata kuumwa ameshindwa kuumwa vizuri.

La tatu, mwendelee kwenda au la. Mwendelee. Aliposema msije tena alikuwa anaangalia mama yake analia kwasababu yake, na mtu mwenye sonona anaamini kabisa kwamba yeye ni mzigo, kwamba mkimuacha mtapumzika. Mkiacha kwenda mnakuwa mmemthibitishia. Nendeni siku zile zile mlizozoea, zisibadilike badilike, akikataa kutoka muachieni ujumbe na mrudi bila kununa. Kwa sasa nenda wewe, mama apumzike kidogo, sio kwamba amekosea, ila machozi yake kaka hana uwezo wa kuyabeba kwa wakati huu.

Andika barua fupi. Usijaze "tunakuombea uwe na nguvu" ukurasa mzima, weka vitu vidogo vya kweli, mtoto kang'oka jino, kajifunza kufunga kamba za viatu, anauliza baba alikuwa anapenda wimbo gani. Muombe kitu ambacho yeye tu anaweza kutoa, mtoto anataka hadithi ile uliyokuwa unamsimulia mi siijui vizuri, niandikie. Usimuahidi atatoka mapema kama hujui, ahadi ya uongo ikivunjika jela inavunja na mtu. Na akikubali kuonana msikae mnatafuta maneno, mnaweza kukaa kimya pale kwenye wavu muda wote ukaisha na ikawa ni ziara nzuri tu. Ile picha usiirudishe haraka haraka kama vile unamrudishia zawadi yake. Mwambie unayo, umeitunza, akiitaka aseme.

Siku za kutoka bado ziko mbali lakini uweke akilini, wiki za kwanza nje nazo ni za hatari, mtu anatoka hana kliniki, dawa zimekatika, marafiki wa zamani wanamsubiri na pombe, na waliokuwa wanatumia unga wanarudi kwenye kipimo cha zamani wakati mwili umeshasahau, wengi wanafia hapo. Mwezi wa mwisho ulizeni atatoka na dawa za siku ngapi na barua ya kwenda hospitali gani.

Na wewe, hujalala siku ngapi? Tafuta mtu mmoja wa kuongea nae hili, asiwe mama asiwe mjomba.

Nimekuandikia mfano wa barua ya kupeleka zahanati ya gereza, badilisha penye kubadilishwa:

"Kwa Mganga wa Gereza. Mimi ni mdogo wa mfungwa fulani, namba fulani. Nina hofu anaweza kujiua. Kwa taarifa za aliyekuwa nae selo, halali usiku, hali, haogi, amegawa vitu vyake pamoja na picha ya mwanae, na amekataa kuonana na familia. Mwaka fulani alitibiwa sonona hospitali fulani, alitumia dawa fulani, akaziacha mwenyewe. Kabla ya kufungwa alikuwa anakunywa pombe nyingi. Siku ya kupokelewa hakusema haya kwasababu aliulizwa mbele ya wenzake. Naomba apimwe faragha, aangaliwe kwa karibu, asiwekwe peke yake. Sihitaji kupewa siri za matibabu yake, ila nipo tayari kueleza zaidi muda wowote kwa namba hii."

Iwe ukurasa mmoja, isizidi, ndefu haisomwi. Toa nakala tatu, moja ya mganga, moja ya mkuu wa gereza, ya tatu omba wakugongee muhuri na tarehe ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri andika nyuma yake jina la aliyepokea na saa, alafu ukirudi wiki inayofuata anza na huyo huyo.

Shangazi